Diski za gesi kwenye nyota moto: spektrografu au intaferomita?

Desemba, baada ya magharibi, simama ufuoni Mama Ngina, Mombasa, utazame kusini. Ile nyota nyeupe inayong'aa peke yake ni Achernar, ya aina ya Be: huzunguka kwa kasi hadi kiuno kikafura, na mara kwa mara hurusha gesi ikawa diski.

Spektrografu, kifaa kinachotawanya mwanga wa nyota kuwa rangi zake, yafungika hata kwenye darubini ya roshani. Mstari mwekundu wa haidrojeni, nanomita 656, ukigawanyika vilele viwili, ujue upande mmoja wa diski unatujia na wa pili unatukimbia. Ukubwa wa diski, hapo utabaki kukisia.

Intaferomita ni kazi nyingine kabisa. Huunganisha mwanga wa darubini zilizotengana, hadi mita 331 kule kituo cha CHARA, Marekani, na njia za mwanga zisitofautiane urefu hata kwa mikromita chache. Kwa infraredi, mwanga tusiouona kwa macho, kwenye mstari wa haidrojeni wa mikromita 2.17, hupima diski yenyewe na kuonyesha gesi inavyozunguka. Intaferomita ya VLTI, kule Chile, ndiyo iliyofichua mwaka 2003 jinsi Achernar ilivyo bapa. Lakini intaferomita inataka mlima na hewa kavu. Huku kwetu lenzi zinalowa umande mapema tu.

Ningeanza na spektrografu. Diski hizi huja na kutoweka kwa miaka, hivyo zataka kutazamwa mara kwa mara, na zamu ya kutumia VLTI huombwa.