Nimejaribu swichi ya X.25 ya dola 15 kutoka soko la Kenya, Lubumbashi

Jambo wandugu, karibuni tena. Leo niko na kisanduku hiki. Kizito, angalieni mkono unavyotetemeka! Nimekinunua dola 15 katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Papa aliyeniuzia aliapa: "Hii iko nguvu, kijana." Ni swichi, yaani kisanduku cha kuelekeza data mtandaoni, ya X.25: itifaki (kanuni za mawasiliano ya kompyuta) ya kusafirisha pakiti, vipande vidogo vya data, iliyoidhinishwa mwaka 1976.

Nguvu inayo, sikatai. Nilipoiwasha feni ililia kama mashini ya kusaga mahindi. Nikaunganisha kompyuta mbili za zamani kwa kilobiti 64 kwa sekunde, nikatuma picha moja ya simu, megabaiti 4. Mama watoto akaanza kupika bukari, akaipakua sahanini, picha bado iko njiani. Dakika 8 na zaidi.

Mtasema ni waya tu unaochelewesha. Hapana, hata waya wa megabiti 2 usingewaponyesha. Chukueni lori la mahindi kutoka Kasumbalesa. Kila bariere magunia yote yanashushwa, yanahesabiwa, risiti inarudishwa bariere ya nyuma, ndipo yapakiwe tena. X.25 ndivyo inavyoishi: kila swichi njiani inakagua pakiti, inaweka nakala, inangoja kuambiwa "imefika". Wala haukuwa ujinga. Waya za shaba za simu zilijaa kelele, pakiti zikiharibika ovyo, na terminali (skrini na kibodi tu) za wakati ule hazikuwa na akili ya kusahihisha kitu. Lakini kwenye fiba makosa ni ya nadra sana. Unashusha magunia ambayo hata moja halijaanguka.

Kinachoniudhi kabisa ni hiki. Kwa mpangilio wake wa kawaida inatuma pakiti 2 za baiti 128, kisha inasimama kungoja jibu. Hizo ni biti 2048. Zipitishe kwenye setilaiti ya kilomita 36,000 juu, kwenda na kurudi kama nusu sekunde: unapata kilobiti 4 kwa sekunde, hata ulipie laini nene namna gani! Nikaongeza hadi pakiti 7. Kwa hesabu ile ile ni kilobiti 14 hivi. Itifaki yenyewe inaruhusu kuhesabu mpaka 127, ila kisanduku changu hakijui habari hizo.

Ndiyo maana Frame Relay, itifaki iliyofuata, ilipokuja iliondoa masahihisho ya katikati: pakiti mbovu inatupwa, kompyuta za mwisho zitajijua.

Kwa kupitisha malipo madogo madogo, ambapo ujumbe ni mfupi na haufai kupotea, X.25 ilidumu sana. Wafaransa walizima Transpac, mtandao wao wa X.25, mwaka 2012 tu. Kwa video? Sahau.

Mimi nitaibakiza kufundishia vijana, maana taa zake zinaonyesha kila jibu linaporudi. Papa yule anazo nyingine mbili nyuma ya meza. Akikutajia 20, mwambie 5, na waya akupe bure.