QuTiP: programu ya bure ya kupima mfungamano wa atomi za sumaku

Mwanafunzi wa fizikia wa Tengeru au Njiro, mkoani Arusha, anayetaka kuona atomi mbili za sumaku zilizoachana zikifungamana kikwantamu, yaani hali ya moja isielezeke bila ya nyingine, hana haja ya maabara. QuTiP inatosha, ni ya bure, inaendeshwa ndani ya Python, na laptopu ya RAM GB 8 inaimudu.

Kinachokula bando ni kuipakua, kwani huja na NumPy na SciPy. Penye Wi-Fi nzuri tumia pip, kisakinishi cha Python: andika `pip download qutip -d mzigo`, beba folda kwenye flashi, kisha nyumbani `pip install --no-index --find-links mzigo qutip`. Toleo la Python na mfumo endeshi wa mashine zote mbili vilingane, la sivyo pip itadai haioni faili ambalo limo humo humo.

Anza na spini nne kwenye mstari; kila spini, yaani sumaku ndogo ya kikwantamu, inasimama badala ya atomi moja. Mbili za kati zishikane kwa nguvu J = 1; kila ya pembeni ishikane na jirani yake kwa J′. Alama iwe chanya, yaani majirani wapingane. Ita `groundstate()` upate hali ya chini, yaani yenye nishati ndogo kuliko zote, kisha `ptrace([0, 3])` ubaki na spini mbili za pembeni, kisha `concurrence()`, yaani konkarensi, kipimo cha mfungamano kinachoanzia 0 hadi 1. J′ ikiwa 1, mfungamano wa spini za pembeni ni sifuri kabisa. Ikiwa 0.5, unapata 0.5. Ikiwa 0.1, unapata takribani 0.98. Ukilegeza vishikizo vya pembeni, zile za kati hujifunga zenyewe kwa zenyewe, na za pembeni hazibakiwi na mwenza mwingine ila wao kwa wao.

Usishangilie mapema. Hiyo 0.98 ni ya sifuri halisi ya joto. Chapisha nishati zote uone pengo kati ya hali ya chini na inayofuata: ni kama 0.0058 ya J. Kwa J ya kelvini 100 (nishati ikihesabiwa kama joto), mfungamano unatoweka ukivuka kelvini 0.5 hivi, na heliamu kimiminika, yenye kelvini 4.2, tayari ni moto mno.

Mtego unaonasa wengi ni `ptrace`: namba unazoandika ni za spini zinazobaki, si zinazofutwa. Mwingine ni `sigmax()`, ambayo haijagawanywa kwa 2. Ukiisahau nusu hiyo, pengo linakua mara 4 huku konkarensi ikibaki ileile, hivyo kosa halijitokezi mpaka ufike kwenye hesabu za joto. Spini zikiwa witiri, hali za chini ni mbili zenye nishati sawa. Programu inatoa onyo, na namba utakayopata usiiamini.

Kumbukumbu ndiyo udhaifu wake. Matriksi kamili ya spini 14 peke yake inameza GB 4 na ushee, na laptopu inaganda. Weka `sparse=True` mapema, ili hesabu isijenge matriksi kamili. Ukitaka kupita spini 20 na kitu, hamia programu nyingine kama ITensor au TeNPy.