Uzoefu wangu: darasa la upanga na ngao Leeds, linalofuata kitabu cha miaka 700

Ukimwambia mtu kwamba unajifunza upanga wa Ulaya wa zamani, hapo hapo anawaza sinema, au vile vitara vyembamba vya Olimpiki. Darasa ninalolieleza hapa si sinema wala si Olimpiki. Ni mafunzo ya upanga wa mkono mmoja na ngao ndogo ya duara, na kila kinachofundishwa kinatoka kwenye hati moja ya kale inayojulikana kwa namba yake, I.33. Iliandikwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 14, na katika vitabu vya mafunzo ya upanga vya Ulaya vilivyobaki mpaka leo, hakuna kinachojulikana kuwa kikongwe kuliko hicho. Hati yenyewe inatunzwa hapa hapa Leeds, Uingereza, kwenye makumbusho ya Royal Armouries, na klabu niliyojiunga nayo iko mji huo huo. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kwanza kitabu, kwa sababu bila kitabu hili darasa lisingekuwa na maana. Kina majani 32 ya ngozi. Karibu kila ukurasa una picha mbili, moja juu, moja chini, na maelezo ya Kilatini yaliyochanganywa na istilahi za Kijerumani. Wanaopigana ni padri na mwanafunzi wake. Naam, padri, na kipara chake cha kitawa, ameshika upanga na anafundisha. Hati ilikaa miaka mingi kwenye maktaba ya watawala wa Gotha, ikatoweka wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha mwaka 1950 ikaibuka mnadani London na kununuliwa kwa ajili ya Royal Armouries, wakati huo makusanyo yakiwa bado kwenye Mnara wa London. Nikifikiria jinsi ilivyoponea chupuchupu, nashukuru kwamba tunayo.

Mimi ni mtu wa Lamu. Kwetu siku za Maulidi wanaume hucheza kirumbizi, fimbo kwa fimbo, na kijana anayeingia uwanjani kaiona fimbo ya baba na ya mjomba tangu hajaota meno. Mtu akikosea, mzee yupo wa kumsahihisha. Upanga wa I.33 hauna mzee. Mnyororo ulikatika zamani sana, na hakuna mtu duniani leo aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa na yule padri. Kilichobaki ni picha na maneno. Kwa hiyo anayekuambia "hivi ndivyo walivyopigana", bila kukuonyesha ukurasa, anakuuzia dhana yake. Hicho ndicho kipimo nilichotumia kuchagua klabu, na ndicho ninachowashauri wenzangu: siku ya kwanza uliza mnafuata kitabu gani, kisha angalia kama kitabu hicho kinafunguliwa darasani.

Kwetu kinafunguliwa kila kipindi. Mwalimu anakuja na kurasa alizozichapa kwa rangi, anazibandika ukutani, na tunaanza kwa kusoma kabla hatujagusa upanga. Kitabu kinahesabu mikao saba ya kujihami: upanga chini ya kwapa la kushoto, kwenye bega la kulia, bega la kushoto, juu ya kichwa, ubavu wa kulia, kifuani, na wa saba ncha imenyooshwa mbele. Kila mkao una namna yake ya kuuzingira, yaani unamwekea mwenzako upanga na ngao mahali ambapo, akitaka kutoka, lazima apite kwako.

Kipindi kimoja kilitupita chote kwenye beti mbili tatu tu za kitabu. Padri amekaa kwenye mkao wa kwanza, upanga umefichwa kwapani. Mwanafunzi anamjia na kile kitabu kinachokiita *halpschilt*, upanga na ngao vikiwa vimetangulia pamoja, mkono kwa mkono. Kitabu kinasema: hapo angukia chini ya upanga na ngao yake. Kama ni mpiganaji wa kawaida atakimbilia kichwa, nawe mchome. Akizifunga tena panga na kusogea, mjibu kwa *schiltslac*, pigo la ngao. Kwenye karatasi ni maneno machache. Mkononi ni mambo mengine. Nilipoanguka chini ya upanga wa mwenzangu nilihisi chuma kikigusana na kukaa, na kwa muda mfupi sana nilijua kupitia kiganja kama anasukuma au analegeza. Alisukuma. Nikageuza upanga wangu juu ya wake, nikapiga hatua, na ngao yangu ikambana mikono yote miwili, ya upanga na ya ngao, ikaikalia. Hakuwa na la kufanya. Hapo nikaielewa ile ngao, ambayo ni ndogo kiasi cha sahani ya wali. Ukiitazama makumbusho unajiuliza itamkinga nani. Kazi yake kubwa ni kuufunika mkono wako wa upanga na kuifunga mikono ya mwenzako, na hilo picha zinalionyesha ukurasa baada ya ukurasa.

Mabishano ndiyo niliyoyapenda kuliko yote. Kwenye picha, wapiganaji wameinama mbele sana, magoti yamekunjika, miguu imekaa kama ya mtu anayenyata. Je, ndivyo walivyosimama kweli, au ndivyo wachoraji wa enzi ile walivyozoea kuchora watu? Darasani kuna kambi mbili. Wa kwanza wanasema kuinama kunapeleka mikono mbali na kuuacha mwili nyuma, na ukijaribu unaona wana hoja. Wengine wanasema picha nyingine za karne hiyo, hata zisizo za vita, zina miili ya namna hiyo hiyo. Mwalimu hakukata shauri. Alitufanya tucheze hatua ile ile kwa kuinama, kisha kwa kusimama wima, halafu akatuuliza ni ipi inatufikisha kwenye picha inayofuata. Mimi nimeegemea kwa wanaoinama, kwa sababu nikisimama wima nachelewa kufika kwenye ule mbano wa ngao. Kuna mapengo mengine pia: kati ya picha moja na nyingine mwili lazima upite mahali fulani, na kitabu hakisemi ni wapi. Huo ndio utafiti wenyewe. Haufanyiki maktaba peke yake wala uwanjani peke yake.

Sasa nyota ya tano. Darasa la wanaoanza limejaa mno kwa mwalimu mmoja. Jozi zilizo mwisho wa ukumbi zinarudia kosa nusu saa kabla hajafika. Pia mchezo huru, yaani kupigana bila hatua zilizopangwa, unaruhusiwa mapema kuliko ninavyoona ni salama, wakati wengine bado hawajajua kuzuia nguvu zao. Nimewaambia, wakasikiliza, lakini mpaka naandika haya mambo ni yale yale.

Vifaa ni habari nyingine. Duka moja la mtandaoni, silitaji, liliniuzia glavu nzito zilizoandikwa kuwa zinafaa kwa panga za aina zote. Zilipofika, kidole gumba hakikuweza kuzunguka mpini wa upanga wa mkono mmoja, na kwenye kishikio cha ngao ngumi haikuingia kabisa. Glavu za namna ile zimetengenezwa kwa upanga mrefu wa mikono miwili. Kurudisha kulichukua barua pepe nyingi na gharama ya posta ikawa yangu. Anayecheza upanga na ngao atafute glavu zenye vidole vilivyotengana, na azijaribu mkononi, kwenye klabu, kwa kuazima, kabla ya kulipa. Gumba ndilo linaloumia haraka kuliko vyote.

Wanawake darasani tuko wachache, na huwa naulizwa na jamaa zangu kama mchezo huu si wa wanaume. Nawatumia picha za kurasa za mwisho za I.33. Mwanafunzi hayupo tena. Anayemkabili padri ni mwanamke mwenye gauni refu, upanga mkono mmoja na ngao mkono wa pili, na kitabu kinamtaja kwa jina, Walpurgis. Hakielezi ni nani wala hakimtetei. Kimemweka pale kama mpiganaji, kikaendelea na somo la mkao wake. Sijaona hoja nzito kuliko hiyo.

Kwa mlio mbali na klabu yoyote: hati hii na nyingine nyingi, za Wajerumani waliomfuata bingwa wa upanga Johannes Liechtenauer, ya Mwitaliano Fiore dei Liberi ya mwanzoni mwa karne ya 15, ya mwalimu wa upanga Joachim Meyer ya mwaka 1570, zote ziko bure kwenye tovuti ya Wiktenauer, picha pamoja na tafsiri za Kiingereza. Ni kazi ya kujitolea, na kwa ubora wake naipa tano bila kusita, ingawa anayeanza anaweza kupotea humo. Anza na hati moja na usihame mpaka umeimaliza mikao yake. Mnaweza kuanza wawili, fimbo nyepesi na polepole, bila kulenga kichwa. Mkitaka kuongeza kasi, pesa ya kwanza iende kwenye barakoa ya wavu wa chuma, ya pili kwenye kinga ya koo, ya tatu kwenye glavu, na upanga muazime mpaka mzipate hizo.