Saa ya kuhesabu hatua: nimeipima Lamu mpaka Shela

Asalaam aleikum watazamaji wangu. Niko Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, na hii mkononi ni saa ya kuhesabu hatua. Nimeinunua kwa shilingi 3,800, pesa yangu mwenyewe, na nina wiki 3 nayo.

Nimeipima kwa njia tunayoijua sote: kutoka hapa mpaka Shela, ukingo wa bahari, kama kilomita 3. Siku ya kwanza nilienda aste aste, nikisalimia watu. Dakika 45, hatua 4,210. Siku ya pili nikakaza mwendo kama mtu anayewahi boti. Dakika 30, hatua 3,720.

Hebu angalieni hapo. Siku niliyofika natiririka jasho, mashavu ya miguu yamekaza, ndiyo siku saa ilinipa hatua chache! Na haikukosea kuhesabu. Ukienda mbio mbio hatua inarefuka, njia ile ile inaisha kwa hatua chache, ila kila hatua moja ina kazi kubwa zaidi.

Wataalamu hubandika vihisio kwenye ngozi ya mguu wakasoma umeme mdogo wa msuli unapofanya kazi. Mwendo ukiongezeka, umeme nao hupanda. Shavu la mguu ndilo linalokusukuma mbele kisigino kikiinuka, basi linakazana. Paja la mbele hukaza mguu unapotua, goti lisikunjike. Paja la nyuma huuzuia mguu uliorushwa mbele kabla haujagusa chini. Halafu kuna msuli wa mbele ya muundi, unaoinua vidole visijikwae. Kwenye kilomita 7 hivi kwa saa huo unaelemewa sana, na ni moja ya sababu zinazotajwa kwa nini wengi wetu hapo huanza kukimbia wenyewe. Jaribuni leo, nendeni haraka sana mpaka karibu mkimbie. Mtausikia muundi.

Kwa hiyo mimi jumla ya hatua siitazami tena. Lile lengo la 10,000 asili yake ni kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina la kibiashara. Telezesheni kioo mara 2, mtapata hatua kwa dakika. Hiyo ndiyo thamani ya saa hii. Kwa mtu mzima, 100 kwa dakika ni mwendo wa kutosha kuushughulisha mwili. Siku yangu ya kwanza nilikuwa 94, ya pili 124. Sasa tofauti inaonekana.

Mchanga haiujui kabisa. Nilipita Shela nikaingia ufukweni, kwenye mchanga mkavu, ambako kutembea hula nguvu zaidi ya mara 2 kuliko ardhi ngumu kwa mwendo ule ule, maana mguu unazama kila ukisukuma. Saa ikahesabu kama niko sakafuni.

Chaji inakaa siku 5, sina neno.

Lililoniuma ni hili. Nilimvalisha mamangu akaenda sokoni, akarudi na kikapu mkono ule ule wenye saa. Mkono haukupunga, saa ikampa hatua chache mno, naye akasikitika akidhani amezembea. Hakuzembea. Siku hizi akienda sokoni huifunga kwenye kifundo cha mguu, mkanda unafika, buibui linaifunika, na hesabu inakuja sawa.