XL4015 ya kuchajia betri ya volti 12: uzoefu wangu

Kwa betri ya asidi ya volti 12, Ah 7 (Ah ni kipimo cha uwezo wa betri), zile za UPS na kengele za ulinzi, ikichajiwa kwa adapta ya laptopu ya volti 19, naichagua XL4015, bodi ya kushusha volti yenye skrubu mbili, moja ya volti na moja ya ampea. Bodi ya LM2596 ya kawaida ni nafuu, lakini ina skrubu moja tu: inashusha volti, haizuii ampea. Betri iliyokwisha ikifungwa hapo huvuta moto (mkondo wa umeme) mwingi mno, chipu ikachemka.

XL4015 nayo inashusha tu. Adapta ya volti 12 haiwezi kujaza betri hii, kwa kuwa betri inataka volti 13.8 ikikaa kwenye chaji muda wote, au 14.4 kwa kujaza haraka na kuchomoa.

Seti kabla ya kufunga betri. Pima volti kwenye matokeo (upande umeme unakotokea), zungusha skrubu ya volti. Usishtuke mita isiposogea; skrubu hizi huzunguka mara nyingi ndipo zishike. Kisha hamishia waya wa multimita kwenye tundu la 10A, rudisha skrubu ya ampea chini, gusisha ncha za mita kwenye matokeo moja kwa moja, upandishe polepole hadi ampea 1.4. Betri ya Ah 7 haihitaji zaidi.

Kasoro kubwa: umeme ukikatika, betri hurudisha moto kwenye bodi na kujimaliza yenyewe taratibu. Weka diodi ya Schottky (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya ampea 5 kwenye waya chanya wa kutokea, mstari wake ukielekea betri. Diodi hula volti kidogo, kwa hiyo malizia kurekebisha volti wakati betri imekaribia kujaa, ukipima kwenye nguzo za betri zenyewe. Fyuzi ya ampea 3 ikae karibu na betri.

Ampea 5 ambazo bodi hii hutangazwa nazo sizihesabu. Bila kipoza joto naishia 3.

Jambo linalowachanganya wengi ni waya hasi. Bodi hii hupima ampea kwenye upande wa hasi, hivyo hasi ya kuingilia na ya kutokea si kitu kimoja. Ukiziunganisha, mathalani kupitia chuma cha bodi ya gari, mkondo unapita kando ya kipimo na skrubu ya ampea haifanyi kazi tena.