Kampuni ya mawasiliano tuliyoiajiri: walikuja Wete na giza lao mkobani

Sisi ni kikundi cha akina mama 11 hapa Wete, Pemba. Tunauza majiko: ya gesi, na tangu mwaka jana presha kuka za umeme, zile unatia maharage, unafunga kifuniko, unakwenda zako kusali. Mfadhili wetu alipotuongezea fedha aliweka sharti kwamba fungu moja litumike kusimulia hadithi ya mabadiliko ya nishati. Hakuna kati yetu aliyejua hadithi hiyo husimuliwa vipi, basi tukatafuta wa kutusimulia. Tukaipata kampuni ya Dar es Salaam. Jina silitaji, hesabu zetu nao hazijafungwa.

Bei ilikuwa shilingi milioni 9.4: filamu ya dakika 6, klipu fupi 4, tangazo la redio na picha 30, kwa siku 3 za kazi huku Pemba. Nauli za boti na malazi yao vilikuwa juu yetu. Hilo kwenye simu halikutajwa, tulikuja kulikuta kwenye profoma. Ulizeni mapema.

Rasimu ya kwanza ya andiko lao ilinichekesha peke yangu. Ilianza hivi: "Pemba, kisiwa kilichosahauliwa na mwanga." Picha ya mwanzo, mtoto anadurusu kwa kibatari. Nikampigia yule kijana mwandishi. Nikamwambia, mwanangu, Pemba tunapata umeme kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010. Kabla ya hapo tulikuwa na majenereta ya dizeli pale Wesha, na mgao tunaujua vizuri. Lakini ukitaka hadithi ya giza, teremka Unguja ukawaulize waliokaa miezi mitatu bila umeme kuanzia Disemba 2009. Siku zile sisi wa majenereta ndio tuliokuwa tukiwapigia simu kuwapa pole.

Akanyamaza kidogo. "Sawa mama, lakini wafadhili wanapenda kuona mabadiliko."

Mabadiliko yapo, ila hayako kwenye taa. Ingia nyumba yoyote ya mjini Wete utakuta Tukuza (mita yetu ya umeme wa kulipia kabla) ukutani, friji, televisheni kubwa, kisha toka uani utazame: mafiga matatu na tita la kuni, au jiko la makaa. Umeme umefika ukumbini, jikoni haujaingia. Na si kwamba watu hawajui moshi unavyoumiza macho. Wanaogopa uniti. Kila mama anayekuja bandani kwetu hulipapasa lile jiko, hulisifu, halafu huuliza neno moja tu: "Linakula uniti ngapi?" Kuhusu tabianchi hajaniuliza mtu. Mimi nilitaka filamu ijibu swali hilo. Wao walitaka filamu ilie.

Jengine nililolifuta kwenye rasimu ni "umeme safi kwa asilimia 100". Waya ule umeungana na gridi ya taifa, na gridi ina maji ya mabwawa na ina gesi asilia pia. Usimuahidi mteja kitu ambacho mwanawe aliyesoma atakuja kumsuta nacho.

Basi wakaja, watu wanne. Siku ya kwanza ilipotea. Walitaka picha ya mashua inaingia kutoka kisiwa cha Fundo imebeba majiko, wakaipanga saa 4 asubuhi, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Mtoto wa skuli hapa angewaambia kwamba siku za bamvua saa hiyo maji yamekupwa. Tukasimama pwani tunatazama mashua imelala ubavu mchangani. Droni nayo ilibaki mkobani, kibali hawakukifuatilia. Sheha nilikuwa nimeshamuarifu mimi, vinginevyo na hilo lingekuwa kesi.

Siku ya pili ndiyo iliyoniokolea pesa zangu. Kulikuwa na mpiga picha wao, binti mpole, hasemi sana. Tulikwenda Mtambwe kwa bibi mmoja mteja wetu. Yule binti kamera hakuitoa. Alivua viatu, akaomba mbuzi, akakaa kukuna nazi karibu saa nzima huku bibi akimhoji yeye: ametoka wapi, ameolewa, kwao wanapika nini. Alipokuja kuiwasha kamera, bibi alishasahau kwamba kuna wageni.

Bibi alisema maharage hayamthibitishii kitu, atapika pweza. Jiko likilainisha pweza ataliamini. Hapo binti akapata wazo ambalo mimi, muuzaji, sikuwa nalo. Akaweka kamera ya pili mbele ya Tukuza, ikae pale tangu jiko linawashwa mpaka linazimwa, namba zinasomeka, hapana kukata. Akaomba friji na televisheni vizimwe ili hesabu iwe ya jiko peke yake. Haikufika nusu uniti. Bibi akachoma kisu, akatafuna kipande, akatazama kamera: "Kumbe linaivisha! Lakini wali wangu n'tapika kwa kuni. Ukoko wa humu si ukoko."

Ofisini kwao walitaka kuikata sentensi hiyo ya mwisho, eti inaharibu ujumbe. Tuligombana kwa simu siku mbili. Ikabaki, na ndiyo klipu inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka Mkoani. Watu wanakuja bandani wanasema, "Nataka lile la pweza." Shehena ya kwanza iliisha kabla ya Ramadhani.

Nisiwasifu kupita kiasi. Toleo la kwanza la filamu walilotuletea walikuwa wameifuta sauti ya bibi, wakaweka sauti ya msichana wa kwao anasema Kiswahili cha habari, "ili aeleweke". Aeleweke na nani? Filamu ni ya Wapemba. Nikairudisha. Wakarejesha sauti yake, maandishi yakawekwa chini kwa ajili ya wageni. Tangazo la redio nalo lilisema "mkaa" na "shule". Huku ni makaa, na ni skuli. Mama mmoja wa kikundi alilisikiliza akauliza, "Huyu anauza majiko ya wapi?" Likarekodiwa upya kwa sauti ya binti yetu wa hapa hapa, na sasa ndilo tangazo bora kuliko vyote walivyotufanyia.

Fomu za ridhaa zilikuja kwa Kiingereza. Unampa bibi karatasi asiyoweza kuisoma, unamwambia tia kidole? Tulizitafsiri wenyewe usiku, na bibi aliposomewa alikataa picha ya mjukuu wake itumike. Haikutumika. Hapo niwape haki yao, hawakubisha.

Kazi ilichelewa wiki tano. Uhariri, ilipokuja kumalizika, ni mzuri kweli: klipu nyepesi, hazimalizi bando, na sauti haikwaruzi.

Je, ningewaajiri tena? Yule binti mpiga picha, hata kesho. Kampuni yenyewe naipa nyota tatu kwa tano, na ningekwenda na masharti: waje siku moja bila kamera, andiko liandikwe baada ya siku hiyo, na picha ghafi zote ziwe mali yetu. Hili la mwisho tuliliandika kwenye mkataba kwa ushauri wa mkwe wangu, na malipo tukayagawa mafungu matatu. Fungu la tatu bado tunalo sisi. Nimewaambia hadi diski yenye picha zote ifike bandarini Wete, ikiwemo ile ya Tukuza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wanasema imeshatiwa kwenye boti. Nangoja.