Bega lenye chokaa: uzoefu wangu na sindano za tiba asili ya Kikorea hapa Seoul

Niko Seoul mwaka wa pili sasa kwa masomo, na Januari bega la kulia lilinishika usiku tu ghafla, sijaanguka, sijabeba kitu, asubuhi hata kujifunga kanga siwezi. Siku ya tatu nikaenda kliniki ya mifupa, wakapiga eksirei na altrasaundi, daktari akanionyesha doa jeupe pale juu ya bega, akasema ni kalisiamu imejijenga ndani ya kano, yaani chokaa kabisa, na huwapata zaidi watu wa miaka 30 mpaka 60. Kilichonishangaza, maumivu huwa makali zaidi pale mwili wenyewe unapoanza kuiyeyusha. Alinipa vidonge na nikajaribu mara moja mashine ya mawimbi ya mshtuko, ile inayopigapiga bega kuvunja chokaa, jamani sikuweza kuvumilia.

Mama mwenye nyumba wangu ndo alinipeleka haniwon, kliniki ya tiba asili ya Kikorea, huko Jegi-dong karibu na soko la dawa za mitishamba. Msifikirie ni mganga wa kienyeji, hawa wanasoma chuo kikuu miaka 6 na wana leseni ya serikali. Nilibeba picha zangu za eksirei, daktari wa hapo akaziangalia vizuri, akapima mkono unapanda mpaka wapi.

Sindano zenyewe (akupancha, hazina dawa ndani) nyembamba kama unywele, nyingine begani, nyingine akachoma mguuni chini ya goti (nilishangaa pia!), unalala nazo kama dakika 15 chini ya taa ya joto. Halafu buhang, yaani kufyonza ngozi kwa vikombe, ambayo kwetu pwani ni chuku tu, bibi yangu alikuwa anaumika watu kwa pembe, hapa ni vikombe vya plastiki na pampu, alama zilikaa mgongoni wiki nzima. Baadaye akaniongezea sindano ya sumu ya nyuki, ila kwanza alinijaribu kidogo mkononi tukasubiri kuona kama nina aleji, na hata hivyo bega liliwasha na kuvimba siku mbili.

Bei: sindano na chuku bima ya taifa inachangia, nilikuwa natoa kama won 8,000 kila nikienda. Sumu ya nyuki na dawa za kuchemsha nililipa mwenyewe, na hapo ndo sikupenda, walinishawishi sana nichukue dawa za mwezi mzima kwa karibu won 300,000, nikakataa.

Baada ya mara ya tatu nililala usiku mzima, nililia kwa furaha. Nimeenda mara 10 kwa wiki tano, mkono sasa unafika kabati la juu. Eksirei ya Aprili inaonyesha doa limepungua ila bado lipo, na daktari wa haniwon mwenyewe aliniambia tangu mwanzo sindano hazivunji chokaa, zinatuliza maumivu na kulegeza misuli wakati mwili unafanya kazi yake. Kwa hilo namheshimu sana.

Ukienda, piga picha kwanza ujue ni chokaa kweli au kano imechanika, na kama nyuki wanakudhuru mwambie daktari kabla hajashika sindano yoyote.